Namna ya Kuitumia Pasi ya Bure ya Mfanyakazi Kabla Haijaisha Muda

Kwa miaka sita nilikata tiketi kwenye lango la kiwanja cha burudani kilichoko nje kidogo ya Nakuru, mahali penye bwawa la kuogelea, bembea za kuzunguka, mitelezo ya maji na farasi wa kupandwa na watoto. Kila Januari tulipewa pasi nne za kuingiza jamaa zetu bure, na kila Desemba nilizikuta pasi zangu ndani ya droo ya kabati zikiwa safi kama zilivyotoka ofisini. Watoto wangu walikijua kiwanja hicho kwa muziki tu, ule uliosikika barabarani tulipokuwa tukipita kwa matatu kwenda mjini. Wenzangu wengi wa jikoni, wa usafi na wa ulinzi walikuwa katika hali hiyohiyo, na nimeuandika mwongozo huu kwa ajili yao na kwa ajili ya kila anayefanya kazi katika viwanja vya burudani, mabwawa ya kuogelea, hoteli na kambi za watalii kuanzia Naivasha hadi Kisumu na Kakamega.

Ni vyema kuelewa kwanza kwa nini pasi hizi hukaa bila kutumika. Mwajiri humpa mfanyakazi mlango lakini hampi siku. Siku ambazo watoto wako nyumbani ndizo ambazo wageni hufurika, na kwa kuwa wageni wamefurika, pasi za wafanyakazi hazikubaliwi na likizo haziidhinishwi. Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Viwanja vya Disney nchini Marekani vilipofunguliwa tena baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, kile cha Florida mnamo Julai 2020 na kile cha California mnamo Aprili 2021, viliweka utaratibu wa kila anayeingia kujiwekea nafasi ya siku mahususi kabla ya kufika, na mfanyakazi mwenye pasi ya kazi naye alihitaji nafasi hiyo, juu ya orodha ya siku ambazo pasi yake haikukubaliwa kabisa. Ninalitaja hili ili msomaji asidhani kwamba pasi zilimlalia kwa uzembe wake. Ugumu umo katika jinsi pasi zenyewe zilivyopangwa, na kwa hiyo mfanyakazi naye hana budi kupanga.

Anza na maandishi

Kabla ya kumwahidi mtoto lolote, tafuta mahali ambapo haki hiyo imeandikwa. Inaweza kuwa katika mkataba wako wa kazi, katika kitabu cha kanuni za wafanyakazi, katika mkataba wa pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, au katika tangazo lililobandikwa karibu na mahali pa kutia sahihi ya kuingia kazini. Ni lazima niseme wazi kwamba hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha mwajiri kumwingiza mfanyakazi wake bure. Hata hivyo, kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataka masharti ya kazi yaandikwe, pamoja na mshahara na maelezo ya marupurupu mengine, na mambo hayo yakibadilika, mwajiri anapaswa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha mabadiliko kwa maandishi. Kwa hiyo ikiwa pasi zimetajwa katika mkataba wako, haziwezi kupunguzwa kutoka nne hadi mbili kwa neno la msimamizi lililosemwa pale kwenye kibanda cha chai.

Ukishapata maandishi, yasome ukiwa na kalamu. Angalia kama pasi ni ya kuingia langoni tu au inahusu pia bembea na bwawa, kwa maana katika viwanja vingi kila mchezo hulipiwa kando na mtoto aliyeingia bure anaweza kushinda akiwatazama wenzake wakicheza. Angalia tarehe ya mwisho, na kama pasi zisizotumika huhamishiwa mwaka unaofuata. Angalia siku zilizofungwa. Halafu angalia jambo ambalo wengi hulipuuza, nalo ni kama mfanyakazi mwenyewe lazima awepo pasi inapotumika, au mwenzi wake anaweza kuja na watoto wakati yeye yuko kazini. Sharti hili moja ndilo lililozuia pasi nyingi kuliko mengine yote niliyoyaona, kwa sababu mpishi hawezi kuwa jikoni na pale bwawani kwa wakati mmoja. Kama maandishi hayasemi lolote juu yake, uliza, na uombe jibu liandikwe hata kama ni kwa ujumbe mfupi wa simu.

Wanaofanya kazi ya kibarua mara nyingi huambiwa kwamba pasi haziwahusu. Inawezekana ni kweli, lakini kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinaeleza kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na akiendelea bila kukatizwa kwa miezi miwili au zaidi tangu aanze, anastahili masharti ambayo angepewa kama asingeanza kama kibarua. Aliye katika hali hiyo na aulize kuhusu masharti yake yote, pasi zikiwa miongoni mwayo.

Ni nani anayehesabiwa kuwa jamaa

Hapa nitakawia kidogo, kwa kuwa hapa ndipo nilipoona machozi. Jumamosi moja ya mwezi wa Juni mama mmoja wa idara ya usafi alifika langoni na watoto watano. Wanne walikuwa wake na wa tano alikuwa wa marehemu dada yake. Alikuwa na pasi za watoto wake, na ya mtoto wa tano alikuwa amepewa na mfanyakazi mwenzake, jambo ambalo kanuni zetu hazikuruhusu. Nilimwambia, "Pole sana, Mama Chebet. Kitabu kinanionyesha wanne." Akaniuliza, "Na huyu nimwache na nani?" Sikuwa na jibu. Aligeuka akarudi nyumbani na wote watano.

Fomu za ofisi huandikwa kana kwamba nyumba ina mume, mke na watoto waliozaliwa humo, ilhali nyumba zetu nyingi zina mpwa, mjukuu, mdogo wa mke anayesomea kwetu, na mama mzazi aliyekuja kutoka mashambani. Dawa yake ni kuwasajili wategemezi mapema, Januari au mara tu unapoajiriwa, na siyo siku ya safari. Kwa mtoto wako peleka nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kwa mtoto unayemlea, peleka barua ya chifu inayothibitisha kwamba anaishi kwako na kwamba wewe ndiwe mlezi wake, na ikiwa ofisi haitaridhika, hati ya kiapo iliyotiwa sahihi mbele ya kamishna wa viapo huwa na uzito zaidi. Mama Chebet alipata barua ya chifu, akaipeleka ofisini mwanzoni mwa mwaka uliofuata, na jina la mtoto yule likaingizwa kitabuni pamoja na ya wenzake.

Liko pia suala la majina, ambalo linatuhusu sana sisi wa upande huu wa nchi. Watoto wetu huitwa kwa saa waliyozaliwa, kwa msimu, au kwa babu na nyanya waliotangulia, na kwa hiyo baba, mama na watoto watatu wanaweza kufika langoni wakiwa na majina matano yasiyofanana hata moja. Karani mgeni, hasa aliyezoea kutafuta jina moja la ukoo, huanza kutilia shaka. Usimkasirikie. Beba nakala za vyeti vya kuzaliwa ndani ya bahasha, au piga picha yake uihifadhi kwenye simu, kwa maana cheti kina majina ya wazazi na humaliza mjadala kwa nusu dakika.

Kalenda kabla ya pasi

Chukua kalenda ya mwaka mzima na uandike juu yake mambo matatu: siku ambazo pasi zimefungwa, tarehe za mihula ya shule kama zilivyotangazwa na Wizara ya Elimu, na zamu zako kadiri unavyozijua. Utaona mara moja kwamba Aprili, Agosti na Desemba hazikufai. Utaona pia kwamba Pasaka, Madaraka ya tarehe 1 Juni, Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba na Jamhuri ya tarehe 12 Desemba hazikufai, kwa sababu siku hizo wageni hutoka hata Nairobi kwa mabasi ya kukodi. Wengi wakifika hapo hukata tamaa na kuirudisha pasi kwenye droo.

Lakini tazama tena. Katika muhula wa kwanza na wa pili kuna mapumziko mafupi ya katikati ya muhula, ambayo kwa kawaida huanza katikati ya wiki na kuishia Jumapili. Viwanja vingi havizifungi pasi siku hizo, au huzifunga Jumamosi na Jumapili pekee, kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa ya mapumziko hayo ndizo siku bora za mwaka kwa mtoto wa mfanyakazi. Kipindi cha pili kinachofaa ni siku chache za Januari baada ya Mwaka Mpya na kabla ya shule kufunguliwa. Wazazi wakati huo wanahesabu karo, sare na vitabu, hakuna anayetaka kusikia habari ya bembea, na kiwanja huwa kitupu hata unaweza kusikia maji yakishuka kwenye mtelezo. Kama pasi mpya hutolewa mwanzoni mwa Januari, ziombe siku ya kwanza kabisa ya kazi ili uwahi kipindi hicho. Na kwa aliye na mtoto ambaye hajaanza shule, Jumanne yoyote ni sikukuu.

Fikiria na hali ya hewa. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai maji ya bwawa huwa baridi kiasi cha kumfanya mtoto atoke akitetemeka baada ya dakika kumi. Wakati huo panga safari ya bembea na farasi, au ngoja. Kisumu, kwa upande wake, ina joto mwaka mzima, ila wakati wa mvua za masika radi huja alasiri na watu huondolewa majini. Fika asubuhi.

Kuhusu muda wako mwenyewe, sheria inakupa mambo mawili unayoweza kuyatumia. Kifungu cha 27 kinampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na kifungu cha 28 kinampa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12, yenye mshahara kamili. Sheria haisemi kwamba ofu yako lazima iwe Jumamosi, wala mwajiri hakatazwi kuihamisha. Unachoweza kufanya ni kuomba ofu ya wiki moja ihamishwe kutoka Jumanne hadi Ijumaa, au kuomba siku moja tu ya likizo na kuiunganisha na ofu. Wasimamizi wengi hukataa ombi la wiki nzima na kukubali la siku moja.

Ombi liandikwe

Neno la mdomo kama "utaenda tu, usijali" halitakusaidia msimamizi huyo akiwa hayupo kazini siku yenyewe. Andika ombi wiki tatu au nne kabla ya tarehe, kabla ratiba ya zamu haijapangwa, kwa maana ratiba ikishabandikwa ukutani kila badiliko linakuwa usumbufu kwa mtu. Ombi si lazima liwe refu. Mfano wake ni huu:

Kwa Meneja wa Wafanyakazi,

KUH: OMBI LA KUTUMIA PASI ZA JAMAA

Mimi ni mfanyakazi wa idara ya jikoni. Ninaomba kutumia pasi tatu kati ya nne nilizopewa mwaka huu siku ya Ijumaa ya mapumziko ya katikati ya muhula, tarehe iliyoonyeshwa hapa chini, nikiwa na mke wangu na watoto wetu wawili ambao tayari wamesajiliwa. Ninaomba siku hiyo iwe ofu yangu ya wiki badala ya Jumanne. Mwenzangu wa zamu amekubali kushika nafasi yangu na ametia sahihi. Iwapo Ijumaa haitawezekana, ninaomba Alhamisi ya wiki hiyohiyo kwa utaratibu uleule. Nitashukuru kupata jibu kwa maandishi wiki mbili kabla ya tarehe hiyo.

Wako mwaminifu.

Kila sentensi ya barua hiyo ina kazi yake. Kutaja kwamba watoto wamesajiliwa humwondolea meneja kazi ya kuuliza. Sahihi ya mwenzako humwondolea hofu ya jiko kukosa mtu. Tarehe ya pili ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa anayekataa tarehe moja amemaliza shauri, lakini anayepewa mbili huelekea kuchagua. Tengeneza nakala, uombe igongwe muhuri au itiwe sahihi ya kupokelewa, na uitunze. Ikiwa kiwanja chenu kinatumia mfumo wa kuweka nafasi kwenye simu au kompyuta, weka nafasi siku hiyohiyo ya kupata idhini, kisha uhifadhi picha ya ukurasa unaoonyesha kwamba nafasi imethibitishwa.

Kubadilishana zamu kwa makubaliano ya wawili tu, bila msimamizi kujua, ni hatari kwenu nyote. Mwenzako akiugua asubuhi hiyo, anayehesabiwa kuwa mtoro ni wewe.

Siku yenyewe

Siku moja kabla, piga simu langoni uthibitishe kwamba jina lako liko kwenye orodha ya kesho. Fika na kitambulisho cha taifa, kitambulisho cha kazi, pasi zenyewe na ile bahasha ya vyeti. Fika mapema, saa tatu au saa nne asubuhi, kabla karani hajazidiwa na foleni.

Usivae sare ya kazi, hata shati lake tu. Mgeni akikuona na sare atakuuliza choo kiko wapi, na msimamizi akikuona atakumbuka meza ambayo haijafutwa. Nimemwona baba akiitwa "kwa dakika mbili tu" kusaidia kubeba viti, akarudi kwa watoto wake saa tisa alasiri. Ukiitwa, jibu kwa heshima kwamba uko ofu leo na jamaa zako wanakusubiri. Una haki ya kusema hivyo.

Kuingia bure hakufanyi siku iwe bure. Nauli ya matatu ya watu wanne kwenda na kurudi, soda, viazi karai na picha moja ya ukumbusho vinaweza kuzidi bei ya tiketi ulizosamehewa. Uliza kama chakula cha kutoka nyumbani kinaruhusiwa, na kama hakiruhusiwi, walishe watoto vizuri kabla ya kuondoka. Siku inayofuata malipo ya mshahara ni bora kuliko siku inayoyatangulia.

Nina ombi moja kwa niaba ya makarani wote wa lango. Usimwombe akupitishie mtoto mmoja wa ziada, na usiuze pasi yako kwa jirani. Karani huyo hana mamlaka ya kusamehe tiketi, kamera iko juu ya kichwa chake, na hesabu ya jioni ikipungukiwa ni yeye atakayeandikiwa barua ya kujieleza. Pasi zilizouzwa ndizo pia hufanya ofisi ipunguze idadi yake kwa kila mtu.

Walio ndani ya mbuga

Wanaofanya kazi katika hoteli na kambi zilizo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru wana shida ya pekee, kwa sababu mbele yao kuna malango mawili yenye wenyewe tofauti. Hoteli inaweza kumpa mfanyakazi chakula cha mchana cha jamaa au usiku mmoja wa bure, lakini ada ya kuingia mbugani ni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na hoteli haina uwezo wa kuisamehe. Wewe mwenyewe hupita kwa sababu uko kazini. Mke wako na watoto, siku ya mapumziko, ni wageni kama wageni wengine. Uliza meneja mapema kama hoteli itawalipia ada hiyo, na kama haitawalipia, iweke katika hesabu yako na ulipe kwa mtandao wa serikali kabla ya kuondoka nyumbani, ukiwa na kitambulisho ili utozwe ada ya raia.

Ukinyimwa

Andika tarehe uliyoomba, aliyekataa na sababu aliyoitoa. Ombi la kwanza liwe la kuongezewa muda: kama uliomba mara mbili kwa maandishi na ukakataliwa kwa mahitaji ya kazi, ni haki kuomba pasi hizo zitumike hadi Machi ya mwaka unaofuata. Nakala za barua zako ndizo zitakazokutetea hapo. Likishindikana, mwone mwakilishi wa chama kazini. Wafanyakazi wengi wa hoteli na sekta zinazohusiana nazo wanawakilishwa na KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa majumbani, hoteli, shule na hospitali. Ofisi za kazi za serikali zipo Nakuru na Kisumu, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huketi katika miji yote miwili, lakini sishauri mtu aende mahakamani kwa ajili ya pasi nne. Milango hiyo ni ya pale ambapo pasi ni sehemu ya malalamiko makubwa zaidi, kama vile kunyimwa ofu kwa wiki kadhaa au likizo kwa mwaka mzima. Sheria inakataza mfanyakazi kufutwa kwa sababu amewasilisha malalamiko dhidi ya mwajiri wake, isipokuwa malalamiko hayo yawe ya uzushi.

Njia iliyofaulu kwetu ilikuwa ya kwenda pamoja. Tulikuwa kumi na mmoja, tukaandika barua moja yenye maombi machache: siku zilizofungwa zitangazwe Januari badala ya wiki ileile, mwenzi aliyesajiliwa aruhusiwe kuwaleta watoto hata mfanyakazi akiwa zamuni, na Jumatatu moja ya mapumziko ya Januari iwe siku ya jamaa za wafanyakazi, kwa zamu mbili, nusu yetu wakifanya kazi asubuhi na nusu mchana. Meneja alikubali la kwanza na la tatu. La pili alilikataa, na bado naamini alikosea, kwa maana ndilo lililokuwa na manufaa zaidi na halingemgharimu chochote. Waliobaki pale na waendelee kuliomba.

Aliye karibu kuacha kazi na akumbuke kwamba siku za likizo zilizobaki hulipwa pesa anapoondoka, lakini pasi kwa kawaida hazilipwi. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, isipokuwa mkataba wake umeweka muda mrefu zaidi, na siku hizo zinatosha kupata Alhamisi moja tulivu. Ombi la pasi liwekwe mezani pamoja na barua ya kuacha kazi, likiwa na tarehe mbili.